Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Tangu arudi kutoka hospitali, Fundi Kioo hakuwahi kukaa kitako dakika kumi mfululizo, na shahidi wa hilo ni kiti chake. Asubuhi ile ya Jumatano alikuwa ameshakihamisha mara tatu: dirishani, mlangoni, kisha tena dirishani. Chai yake ilipoa, mkewe akaipasha moto, ikapoa tena. Mama yule alikuwa amezoea. Kama uvumilivu ungeuzwa kwa kilo, angekuwa tajiri wa mtaa mzima.

Jina la Kioo alilipata kazini. Kazi yake ilikuwa kupaka samani vanishi, na meza ikitoka mikononi mwake ungeweza kujiona ndani yake ukanyoa ndevu. Sasa ilikuwa miezi kumi na minne tangu moyo wake mwenyewe, uliokuwa umevimba na kuchoka kabisa, utolewe kifuani akawekewa wa marehemu ambaye hakuambiwa jina lake wala hataambiwa. Moyo huo aliuita Mgeni. Mwanzoni ulikuwa utani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliwaambia waliokuja kumtazama wodini. "Huyu wangu kashika jembe tangu siku ya kwanza." Watu wakacheka, naye akacheka huku ameushikilia mshono usifumuke.

Siku hizi utani ulikuwa umekwisha. Mgeni alikuwa hatulii. Mtu umekaa zako, hujabeba hata kikombe, yeye anakwenda mapigo mia kwa dakika kana kwamba kuna mahali kachelewa. Tena pale ambapo moyo wa binadamu hutakiwa kushtuka, haukushtuka. Hilo ndilo lililomkosesha raha Fundi Kioo, na hakumwambia mtu, maana ataanzia wapi?

Miezi mitano nyuma alipigiwa simu akaambiwa kaka yake mkubwa amefariki. Kaka aliyemlea, aliyemshikisha brashi ya kwanza. Macho yalilia, lakini kifuani hakuna kitu. Mgeni aliendelea na mwendo wake uleule, kana kwamba msiba ulikuwa wa jirani wa mtaa wa tatu. Kisha dakika kadhaa baadaye, watu wamemkalisha, wamempa chai, wanamsemesha taratibu, ndipo Mgeni alipoanza kutimua mbio. Alikimbia saa nzima. Fundi Kioo aliona aibu. Alijiambia, nimepewa moyo wa mtu asiyewajua watu wangu, unanyamaza penye msiba na kupiga kelele penye chai. Mmoja wa waombolezaji alikuwa na kichupa mfukoni. Fundi akakiomba, akapiga mafunda mawili, na kweli, baada ya muda mambo yakatulia.

Ndivyo ilivyoanza. Mtu ambaye kabla ya ugonjwa alikuwa hamalizi bilauri moja sherehe nzima, sasa ikifika saa kumi alasiri mikono inamwasha.

Mahali pa kujificha alikuwa napo, tena pazuri. Madaktari walimkataza vumbi na vyumba vilivyofungwa, kwa hiyo kazi waliigawana na mwenzake waliyefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, mtu aliyeitwa Msasa kwa sababu ndiyo kazi yake: kupiga msasa mpaka mbao zilainike. Msasa alisugua huko kwenye karakana, vumbi likamwishia yeye, kisha akaleta samani barazani kwa Kioo, penye hewa, Kioo akapaka vanishi amevaa barakoa. Vanishi yao ilichanganywa na spiriti, na spiriti inanuka. Inanuka kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye shuka. Nani atanusa pombe juu ya harufu hiyo? Akanunua pombe kali isiyo na rangi, akaimimina kwenye chupa tupu ya spiriti, akaipanga rafuni pamoja na wenzake. Na ili asije akakosea akanywa spiriti yenyewe akafa kifo cha kijinga, akaifunga uzi mwekundu shingoni.

Tatizo lilikuwa dawa. Dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo zilimezwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa, mpaka mwisho wa maisha. Mkewe alimletea za jioni barazani kwenye kisahani, pamoja na maji, akarudi ndani kuweka alama ya vema kwenye daftari. Naye Fundi Kioo, ambaye wakati huo pombe ilikuwa imeshamwingia, aliogopa kuchanganya. Alisikia mahali kwamba dawa na pombe havipatani. Badala ya kuacha pombe, akaacha dawa. Vidonge alivitia kwenye mfuko wa ovaroli, kisha kwenye kikopo cha misumari, akijiambia kesho sitakunywa, kesho nitameza. Msimcheke sana. Kila mtu ana hesabu zake za kesho.

Basi Jumatano hiyo simu ya kliniki ikaita, mkewe akaiweka kwenye spika.

"Mama, majibu ya damu ya Jumatatu yametoka," alisema muuguzi. "Kiwango cha dawa kiko chini tena. Mara ya tatu hii. Baba anameza zote?"

"Zote, sista. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu."

"Hakosi hata moja?"

"Hata moja."

"Basi itakuwa mwili wake unaimaliza dawa haraka. Daktari anamtaka kesho saa mbili. Atachukua kipande kidogo cha moyo apime kama umeanza kukataliwa. Na huenda akampandisha dawa, ampe za nguvu zaidi. Hizo mama nisikufiche, zinaumiza figo."

"Figo tena?" aliuliza mke.

"Tufanyeje, mama. Kati ya figo na moyo tunauokoa moyo."

Simu ilipokatika, mke aliketi na daftari mapajani, akapitia kurasa moja moja akitafuta kosa lake. Pengine aliwahi kuchelewa dakika kumi? Pengine ni yale maji ya baridi? Fundi Kioo alimtazama akifanya hivyo. Alijua kosa liko wapi, na halikuwa daftarini.

"Nakwenda kutembea," alisema.

"Nenda, baba watoto. Ila taratibu."

Alizunguka mtaa mara tatu. Alipita mbele ya kinyozi, mbele ya mshona viatu, mbele ya shule, akarudi kwa kinyozi. Kinyozi akamuuliza kama amepoteza kitu. Akasema hapana, akazunguka mara ya nne.

Aliporudi alimkuta Msasa barazani, mikono kiunoni, ameikodolea macho meza.

Ile haikuwa meza ya mteja. Ilikuwa meza ya kaka yake, ya watu sita, ambayo mjane aliileta ifufuliwe kwa ajili ya kikao cha familia siku ya Ijumaa. Fundi Kioo alikuwa ameipaka vanishi mikono minane, yaani tabaka nane, ukabaki mkono mmoja wa mwisho, na huo mmoja alikuwa ameuahirisha wiki tatu. Mikono ilitetemeka, alisema ni baridi. Kulikuwa na joto.

"Njoo uone maajabu," alisema Msasa. "Nimeona unahangaika, nikasema ngoja nimpigie huu wa mwisho, apumzike. Tazama sasa."

Uso wa meza ulikuwa umeota ukungu mweupe kutoka pembe hadi pembe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mng'aro wote wa wiki tano ulikuwa chini yake, umefunikwa.

"Spiriti ina maji," alisema Msasa. "Huwezi kuniambia ni unyevu, jua lote hili. Na siyo kwamba nimechukua chupa yoyote tu. Hii meza ya kaka, nikasema tusiifanyie ubahili. Nimechukua ile ya uzi."

Hapo inabidi nieleze. Katika karakana yao, tangu siku ya kwanza, uzi mwekundu ulikuwa na maana moja. Chupa iliyofungwa uzi mwekundu ndiyo spiriti iliyochujwa, safi kuliko zote, isiyoguswa ila kwa mkono wa mwisho. Msasa angeitafuta gizani. Kuinusa asingeweza, maana pua yake vumbi liliimaliza zamani. Mke wa Msasa mwenyewe alisema mume wangu hawezi kutofautisha waridi na mafuta ya taa.

"Huyu mama wa duka la rangi ametupiga," alisema Msasa, akaishika chupa shingoni. "Miaka yote tunanunua kwake, leo anatuuzia maji kwenye meza ya marehemu. Atanieleza."

"Msasa, tulia kwanza."

"Nitulie nini? Wewe ni mgonjwa, kaa. Mimi nakwenda."

Akatoka na chupa.

Fundi Kioo alibaki amesimama kando ya meza. Na ukweli usemwe: aliona njia. Mama wa duka atakana, Msasa atafoka, watatukanana kidogo, kesho watasahau. Meza itafutwa kwa spiriti safi na kupakwa upya. Mkewe yuko ndani na daftari lake. Hakuna atakayejua. Alihesabu haya yote, na moyo ulikuwa shwari, unakwenda mwendo wake uleule bila haraka wala haya, kana kwamba hausikii. Hilo likamtia hasira. Akaikanyaga ngazi, akaanza kukimbia.

Hakufika mbali. Kliniki walimwambia kila siku, mzee anza taratibu, usichomoke. Alichomoka. Nusu ya mtaa miguu ikawa mizito, kifua kikabana, pumzi zikaisha, akashika ukuta wa kinyozi. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi.

"Safari hii umekipata?" aliuliza.

Fundi Kioo akatikisa kichwa, akasubiri mpaka mwili ukubali, akaendelea kwa kutembea.

Kule dukani Msasa alikuwa ameshaanza. Mama wa duka, mtu mzima asiyeyumbishwa na kelele, alikuwa ameegemea kaunta anamsikiliza. Alipochoka kusikiliza alifungua chupa, akanusa. Akanusa tena. Kisha akamwona Fundi Kioo mlangoni, jasho linamtiririka, akakifunga kizibo polepole.

"Hii haikutoka kwangu," alisema, basi.

"Ilitoka wapi?" Msasa akauliza.

"Ni yangu," alisema Fundi Kioo. "Siyo spiriti. Ni pombe, nusu yake maji."

Msasa akacheka. Kisha akamtazama mama wa duka, ambaye hakucheka, naye akaacha.

Walirudi bila kuongea hadi karibu na nyumba. Chupa waliiacha palepale kaunta, mama wa duka akasema ataimwaga. Kwenye kona Msasa alisimama.

"Ungefunga hata kamba ya kiatu," alisema. "Kwa nini uzi mwekundu, bwana?"

"Mkono ulizoea. Kitu nisichotaka kikosewe nakifunga uzi mwekundu."

"Umenifanya niipake pombe meza ya kaka yako. Na wewe nilikuwa naona unayumba, najiambia ni dawa za hospitali, namwonea huruma ndugu yangu." Akaitupia macho nyumba. "Shemeji anajua?"

"Hajui. Kesho wanataka kunipa dawa za kuumiza figo, kwa sababu za jioni nilikuwa simezi."

Msasa aliisikia habari hiyo mpaka mwisho wake, akafuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Mimi mdomo wangu haupeleki mambo ya nyumba ya mtu," alisema. "Lakini wakizila figo zako kwa ajili ya uongo wako, usinitarajie nije kukulilia. Nitakuja, nitakaa, lakini silii."

Jioni ile Fundi Kioo alimeza dawa mbele ya mkewe, akamwona anaweka alama ya vema. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza mke aliuliza kama anataka maji. Mara ya pili hakuuliza kitu.

Kesho yake saa mbili walikuwa kwenye chumba cha muuguzi, chumba chembamba chenye mizani, kitanda cha ngozi bandia na saa ya ukutani. Muuguzi alimpima uzito, akampima presha, akaandika. Mke alilifungua daftari mezani kabla hajaombwa.

"Sista, nimekesha nalo," alisema. "Tazama mwenyewe. Miezi yote hii, hakuna pengo. Kama kuna kosa ni langu, labda saa yangu inachelewa. Lakini yeye msimlaumu, na figo zake msizitie dawa kali kabla hamjanichunguza mimi."

Fundi Kioo alikuwa amesimama karibu na mizani. Aliitazama ile mistari ya vema, iliyonyooka, iliyoandikwa na mtu anayependa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikopo cha misumari, akakifungua juu ya daftari. Vidonge vikamwagika, baadhi vimevunjika, vingine vina vumbi la mfukoni.

"Saa yako haina kosa," alisema. "Hivi ni vya jioni. Nilikuwa nakunywa pombe barazani, nikaogopa kuchanganya. Miezi mitano. Siyo kila siku, lakini siku nyingi."

Mkewe hakupiga kelele. Alivikusanya vidonge kwa kiganja, akavirudisha kikoponi kimoja kimoja, na alipomaliza alilifunga daftari.

"Umenifanya niandike uongo kwa mkono wangu," alisema.

Fundi Kioo alikitazama kikopo. Afadhali angepigwa.

Muuguzi naye hakumgombeza. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamuuliza anakunywa kiasi gani, saa ngapi, tangu lini. Akamwambia kipande cha moyo lazima kichukuliwe leo vilevile, maana huenda madhara yameshaingia, na hilo hawezi kumwahidi. Ila dawa kali zitasubiri, sasa wamejua. Na akamwambia kuna mshauri chumba cha mwisho, wengi waliopandikizwa hupita kwake, siyo yeye wa kwanza kukosa raha akiwa mzima. "Sasa niambie," alisema. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye hiyo chupa?"

Fundi Kioo alizunguka chumba, na kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa cha hatua nne, alizunguka mara nyingi.

"Kunyamaza," alisema mwishowe. "Huu moyo hauna adabu, sista. Kaka yangu alipofariki haukushtuka hata kidogo. Mimi nalia, wenyewe kimya. Halafu nimekaa nakunywa chai, unaanza kukimbia bila sababu. Hata jana nimeambiwa nitaharibiwa figo, umetulia tu. Nikasema nimewekewa mtu baki. Hanijui, wala hanitaki."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hukuelezwa habari ya mishipa ya fahamu?"

"Nilielezwa mengi. Nilikuwa nusu mfu."

"Walipoutoa moyo kwa marehemu, mishipa yote ya fahamu ilikatwa. Wako umeunganishwa mishipa ya damu tu. Ubongo wako ukipata habari mbaya hauna waya wa kuupigia simu. Lazima mwili utoe homoni zake kwenye damu, zisafiri mpaka zifike. Inachukua dakika kadhaa. Zikifika, moyo unakimbia, na kutulia nako unachelewa." Akamwekea mkono begani. "Kusikia unasikia, mzee wangu. Ila habari zinaufikia kwa miguu."

Fundi Kioo aliacha kuzunguka.

"Ile siku ya chai," alisema polepole.

"Ndiyo. Ilikuwa ndiyo kwanza moyo umepata habari."

Waliambiwa wasubiri nje mpaka daktari awe tayari. Kulikuwa na benchi refu ukutani. Mke aliketi mwisho wa huku, Fundi Kioo akaketi mwisho wa kule, na katikati wangeweza kukaa watu wawili. Kikopo cha misumari kilikuwa mapajani mwa mke. Alikuwa anatazama mlango wa pili, siyo yeye, na taya zake zilikuwa zimekaza. Fundi Kioo alijua amemuumiza mahali ambapo hapafutiki kwa kitambaa.

Dakika zikapita. Ndipo akaona kifungo cha shati lake kinacheza. Kifuani kulikuwa kumeanza, kidogo, kisha kwa nguvu, kisha mbio, mpaka masikioni.

"Mama watoto," aliita. "Anakimbia."

Mke aligeuka. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, lakini miguu ilikuwa imeshasimama. "Nimwite sista?"

"Usimwite. Ni yale niliyosema mle ndani. Yamemfika sasa."

Alisimama hapo akimtazama, kisha akaja, akakaa katika ile nafasi tupu, akaingiza kiganja ndani ya shati lake juu ya mshono. Alikuwa hajauweka mkono wake pale miezi mingi. Fundi Kioo ndiye aliyekuwa akiuondoa, asije akanuswa.

"Anakwenda mbio sana," alisema mke.

"Siku ya kaka alilia hivi hivi, saa nzima," alisema Fundi Kioo. "Nikamnywesha pombe anyamaze."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Mke hakusema amemsamehe, wala hakuuondoa mkono. Mlango ukafunguliwa, mtu mwingine akaitwa, ukafungwa. Saa ya ukutani ilionyesha wamekaa pale robo saa, na Fundi Kioo hakuwa amenyanyuka hata mara moja.